Figa Jeusi la Bernadeta

Mama yangu, Hidaya, alikuwa na mdomo. Nalisema hili mapema nisije nikalaumiwa baadaye kwamba nimempamba. Alikuwa na mdomo kiasi kwamba hata padri wa misheni, ambaye hakuwa na neno naye kwa kuwa sisi ni Waislamu, akimwona anapanda mlima kwa njia hii, yeye alishuka kwa njia ile. Lakini kwa sababu ya mdomo huohuo kuna watu waliopona, nami mpaka leo nikimaliza kuswali huutaja katika dua zangu.

Haya yalitokea zamani za Mjerumani, miaka michache baada ya reli kufika Morogoro na kabla kidogo ya vita. Huku kwetu juu, milimani Uluguru, kulikuwa na machimbo ya ulanga. Ulanga ni lile jiwe linalong'aa, linalopasuka kurasa kurasa ukilitia kisu. Wazungu walilitaka kwa vidirisha vya majiko yao na kwa mambo ya umeme. Wanaume walichimba, wanawake walikaa kibandani wakipasua. Katika kibanda hicho mama alikaa ubavuni kwa Bernadeta, mke wa mchimbaji mmoja aliyeitwa Alois.

Mama Mwislamu, Bernadeta Mkatoliki, lakini hilo halikuwa kitu. Kitu ni kwamba koo zao ni watani, na mtani kwetu si rafiki wa kuchekeshana tu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akala chakula chako bila kukaribishwa, akaingia kaburini siku ya msiba wako na kukataa kutoka mpaka umbembeleze, nawe huna ruhusa ya kununa. Na lile ambalo ndugu wa damu hawezi kuligusa kwa sababu ya mwiko, mtani huligusa akicheka, na mwiko hauna la kumfanya.

Bernadeta alikuwa ameshaharibikiwa na mimba mbili. Mama yake, Bibi Maria, mwanamke mfupi mwenye maamuzi marefu, aliichunguza nyumba ya binti yake akaona figa moja la jikoni limepasuka. Akasema hapo ndipo watoto wanapopotelea. Akaagiza jiko livunjwe lisimikwe upya, na Alois atafute jiwe ambalo moto hautaliweza.

Alois alikuwa mtu wa kimya, na mama mkwe akisema, yeye anafanya. Akaenda kwenye kifusi cha machimbo, pale yanapotupwa mawe yasiyo na ulanga, akaokota jiwe jeusi. Kwa ukubwa halikufikia kichwa cha mtoto, lakini lilikuwa zito ajabu, na upande mmoja lina ukoko wa manjano. Kifusi hakikuwa na mwenyewe. Watu walichukua mawe ya kujengea, ya kuzuia milango, ya kufunikia matenga ya kuku, na hakuna aliyeulizwa. Alois alilibeba hadi nyumbani akipumzika njiani, mtu mzima na kijiwe. Bibi Maria akaligonga kwa jembe, halikutoa hata ufa. Akaridhika, akalisimika pamoja na mengine mawili.

Haukupita muda Bernadeta akashika mimba. Safari hii ikapita pale ya kwanza ilipokomea, ikapita na pale ilipokomea ya pili, mtoto akaanza kucheza. Sasa wewe ungesemaje? Mlima mzima ulisema ni figa. Nyumba yao ilikuwa ya chumba kimoja, jiko liko karibu na kitanda, na usiku wa mlimani ni baridi, kwa hiyo Bernadeta alilala ameligeuzia mgongo lile jiwe lililokunywa moto mchana kutwa. Asubuhi kabla ya kuwasha kuni alilipapasa kidogo kwa kiganja. Aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa akilishukuru.

Na huku kwetu, ukoo wao na wetu sawasawa, kuna mwiko. Figa lililo chini ya chungu cha mwanamke mwenye mimba haliguswi mpaka mtoto azaliwe na atolewe nje. Anayelinyanyua amenyanyua mimba. Bernadeta alivaa rozari shingoni na katekisimu yote alikuwa nayo kichwani, lakini katekisimu alifundishwa, mwiko wa figa alinyonya.

Hapo ndipo anapoingia Bwana Chupa. Wajerumani wenzake walimwita Brandau, naye alikuwa mhandisi wa machimbo. Sisi tulimwita Bwana Chupa kwa sababu nyumba yake ya mbao ilijaa machupa ya kila namna, na hakuna hata moja lililokuwa la kileo. Alikuwa mrefu, mwenye haya, na ncha za vidole vya mkono wake wa kulia zilikuwa zimebambuka, nyekundu, hazikauki. Watu walidhani ni ukoma, wakawa wanapokea posho yao kwake kwa kunyoosha mkono sana.

Bwana huyu alikuwa na tatizo lake, nalo lilikuwa simu. Kulikuwa na waya kutoka machimboni hadi Morogoro mjini, na waya ule ulikula betri. Betri za siku zile zilikuwa mitungi ya kioo yenye maji ya chumvi na vipande vya chuma, zilizopandishwa mlimani kwa vichwa vya wapagazi. Nyingine zilivunjika njiani, nyingine zilifika zikafa upesi. Na kila zilipokufa, simu ilikuwa bubu. Mwaka mmoja shimo lilibomoka, waya ukawa bubu siku hiyohiyo, daktari akafika watu wameshazikwa. Bwana Chupa hakulisahau hilo, na mimi namheshimu kwa kutolisahau.

Kwa hiyo alikuwa akitafuta betri isiyokufa. Alikuwa amesoma katika magazeti ya wataalamu wa kwao kwamba yako mawe yanayotoa umeme yenyewe, bila chumvi, bila maji, bila kuchochewa. Mjukuu wangu anayesoma sekondari amenieleza vizuri zaidi kuliko nilivyoelezwa na wazee. Anasema ndani ya mawe hayo kuna kitu kinachooza kidogo kidogo kwa miaka isiyohesabika, na kila kinapooza chembe moja, inatoka cheche ambayo jicho haliioni. Ukiweza kuzikusanya hizo cheche, una umeme. Anasema pia kwamba chombo walichokiacha Wamarekani kule mwezini kinaishi kwa betri ya jamii hiyo. Nilimwambia asinichoshe na mwezi, sisi jiwe hilo tumelipikia maharage.

Siku moja Bwana Chupa, akipita kifusini, alikuta kipande cheusi chenye ukoko wa manjano, kidogo kama kokwa ya embe. Akakipeleka kwenye chupa zake, akatoka nje mbio. Akamwita nyapara, mtu wa pwani aliyeitwa Stambuli, akamuuliza jiwe ambalo kipande hiki kimemeguka liko wapi. Stambuli akauliza huku na huku, mwisho mpagazi mmoja akasema aliwahi kumwona Alois akibeba jiwe jeusi huku anatweta.

Alois aliitwa. Akaulizwa kama ni yeye aliyelichukua.

"Ndiyo, bwana. Ni mimi."

"Lete."

"Siwezi, bwana."

"Iko wapi?"

Alois angesema nini? Angesema liko jikoni, askari wangekwenda kulichomoa na mimba ingeondoka nalo. Wachimbaji wenzake wote walijua lilipo, maana wake zao walikwisha kulisifu, lakini hakuna aliyefungua kinywa. Stambuli ndiye hakujua, kwa sababu tangu aje mlimani hajawahi kukaribishwa jikoni kwa mtu. Akamnong'oneza Mjerumani kwamba bila shaka jamaa ameliuza kwa wafanyabiashara wa mjini.

Bwana Chupa, ambaye kwa kawaida hakupandisha sauti, siku hiyo alipandisha. Alois akafungiwa stoo ya sururu na makoleo. Jumamosi wapagazi wa ulanga wangeshuka Morogoro, na kama jiwe lingekuwa halijaonekana, Alois angeshuka nao mpaka bomani. Bomani kulikuwa na hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na baada ya kiboko kulikuwa na mnyororo. Mtu akitiwa kwenye mnyororo wa Mjerumani, wa nyumbani kwake hawakujua atarudi lini, wala atarudi mtu wa namna gani.

Habari ilifika kibandani kabla kisu cha Bernadeta hakijamaliza jiwe alilokuwa akilipasua. Hakulia. Aliweka kisu chini, akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Mtani," alimwambia mama yangu, "nikilitoa, namtoa mtoto. Nisipolitoa, namtoa Alois. Nifanye nini mimi?"

Mama aliendelea kupasua ulanga mpaka akajikata kidole. Jioni akapita kwa Bibi Maria kuuliza kama hakuna njia. Bibi Maria akasema njia ipo moja. Wa nyumbani hawezi kulishika jiwe lile, ila mtani anaweza, akija kwa utani wa kweli. Lakini mahali pa figa hapawezi kukaa wazi hata kwa kufumba na kufumbua, na halifai jiwe bichi. Lazima liwekwe figa lililokwisha kupikiwa, lenye moto wa nyumba ndani yake.

"Na nani atakupa figa lake?" Bibi Maria akauliza. "Nani avunje jiko lake ajenge la mwenzake?"

Mama akasema atafikiri, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi, jua limeshapanda juu ya migomba, mama aliingia uani kwa Bernadeta na jiwe juu ya ngata. Bibi Maria alikuwa mlangoni anachambua maharage. Mama hakusema shikamoo. Ana mdomo, lakini hajawahi kumpita mzee bila shikamoo, kwa hiyo Bibi Maria alielewa palepale kwamba aliyeingia siye Hidaya, ni mtani.

"Nyie wala konokono," mama alianza, "nimesikia mna jiwe zuri kuliko sura zenu. Nimekuja kulichukua."

"Chukua uso wako uondoke nao," Bibi Maria akajibu, kwa maana utani usiojibiwa si utani. "Jiwe hilo lina mtu."

"Mtu wenu nawaachia, mwenyewe atakuwa na pua ya bibi yake, nimpeleke wapi? Mimi nataka jiwe."

Akaingia ndani. Bernadeta alikuwa amesimama ameshika nguzo. Mama akaepua chungu, akachota mboga, akaonja, akauliza nani amewafundisha kupika majani ya mbuzi. Akavuta kuni nje moja moja. Akachota majivu akajipaka usoni, mengine akampaka Bernadeta kwenye paji. Kisha akachukua maganda mawili ya mgomba, akalishika figa jeusi, na wakati wote huo anatukana. Alitukana ukoo wao kuanzia babu wa babu, akatukana mashamba yao, akatukana mbuzi wao waliokufa zamani. Bernadeta alinieleza kwamba sauti ilikuwa ya kicheko kitupu, lakini jasho lilikuwa likimtoka mama usoni, likichora njia katika majivu, na asubuhi ile mtu alikuwa akiona pumzi yake mwenyewe.

Jiwe likang'oka. Hapohapo, kabla vumbi halijatulia, mama akasukumiza la kwake mahali pake. Lilikuwa limekolea masizi. Bibi Maria akainama, akalipapasa.

"Hili umelitoa wapi?"

"Kwangu."

"Na wewe utapikia nini?"

"Nimpikie nani? Mume wangu Abasi yuko relini, kanisahau. Nitatafuna mihogo mibichi kama nguruwe wenu."

Bibi Maria akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, na katika kucheka kule ndipo Bernadeta akaiachia nguzo. Chungu kikarudishwa, kuni zikasogezwa, moto ukashika. Mtoto tumboni akapiga teke. Bernadeta akasema, "Anacheza," na mama yangu akageuka upesi akatoka na jiwe lake bila kuaga.

Alipofika machimboni aliliweka barazani kwa Bwana Chupa, likagonga mbao. Stambuli alitaka kumfukuza, mama akamwambia asogee, kwani kazi ya kutafuta jiwe imeshamshinda. Bwana Chupa alitoka, akaliona, akapiga magoti. Akakwangua masizi kwa kisu mpaka ukoko wa manjano ukatokea kidogo.

Kisha akaleta chupa. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya dhahabu, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vimening'inia vikiwa vimeachana kwa umeme aliovitia. Akaisogeza karibu na jiwe, na vipande vikashuka polepole vikalala pamoja, hakuna aliyevigusa. Mjerumani akafuta macho kwa mkono wa shati.

Halafu, kwa furaha, akamwonyesha mama chupa ya pili, ambayo hakuwa na desturi ya kumwonyesha mtu. Hii ilikuwa na vipande vya dhahabu vilevile, lakini juu yake kilifungwa kijimrija chenye chumvi aliyoletewa kutoka Ulaya, iliyotolewa katika jiwe la jamii hiyo. Kipande cha ulanga kilitenganisha kitu kimoja na kingine, ulanga uliopasuliwa kibandani kwetu. Vipande vya dhahabu viliachana, vikaendelea kuachana, vikagusa ukuta wa kioo, vikaanguka. Vikaanza tena. Hakuna ufunguo, hakuna waya, hakuna mkono.

"Hii fanya hivi mchana, usiku," Bwana Chupa alisema kwa Kiswahili chake. "Mimi lala, yeye fanya. Mimi kufa, yeye fanya. Jiwe lako ndani iko nguvu hii. Mimi nitatengeneza betri, simu haitanyamaza tena."

"Inapumua," mama alisema. Akaitazama mara nyingi kuliko alivyotaka kukiri. Kisha akasema, "Mtoe Alois."

"Alois ficha wapi jiwe?"

"Hakuficha. Lilikuwa figa la mkewe. Mkewe ana mimba, na kwetu figa la mwenye mimba haling'olewi. Ungemuuliza mtu wa hapa ungeambiwa, lakini wewe unamuuliza Stambuli."

Mama alisema Mjerumani alibadilika uso. Akauliza mwanamke huyo analala wapi. Mama akamwonyesha kwa hatua, kitanda hapa, jiwe hapa. Bwana Chupa akatazama vidole vyake vilivyobambuka, akaeleza kwamba aliwahi kutembea na ule mrija mfukoni, akiutoa na kuushika mara kwa mara, na ndio uliomla vidole. Jiwe lina nguvu ndogo sana kuliko mrija, alisema, lakini mwanamke mwenye mimba asilale karibu nalo. Wataalamu wenyewe bado hawajui vizuri. Akasema mawe ya namna ile yasiingie tena ndani ya nyumba, awaambie watu wote.

Kama jiwe lingemdhuru mtoto au lisingemdhuru, sijui, na wakati ule hakuna aliyejua. Ninachojua ni kwamba Bibi Maria aliogopa likitoka, Mjerumani aliogopa likibaki, na katikati yao alisimama mama yangu na majivu usoni.

Alois alifunguliwa palepale. Na Bwana Chupa akafanya jambo ambalo lilisimuliwa mlimani kwa muda mrefu kuliko habari za umeme. Alivua kofia, akapanda kwa miguu mpaka nyumbani kwa Bernadeta, akasimama uani, akasema, "Mama, samahani. Na asante." Bibi Maria akamkaribisha maharage, yakapikwa juu ya figa la mama yangu, na akala yote.

Betri yake ilifika mbali kiasi gani, sitaki kuongopa. Alois, ambaye baadaye alikuwa akimsaidia kusaga na kuchuja, alisema kuna siku mshale wa chombo cha kupimia ulisogea bila mtungi wowote wa chumvi, ukasogea kidogo tu, unene wa unywele, na Mjerumani akamkumbatia. Kisha vita vikaja, mlima ukatapakaa askari, machupa yakavunjika, na Bwana Chupa hatukumwona tena. Natumaini alifika kwao. Alituomba radhi wakati hakuna aliyemlazimisha, nami namwombea mema.

Lakini kabla ya vita hivyo Bernadeta alijifungua salama, mtoto wa kike. Alilia kabla hajafutwa. Wakamwita Cecilia. Alois alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake, na walipomfuata walimkuta anaishukuru migomba, kwa kuwa hakuona mtu mwingine karibu.

Mama yangu hakuonekana. Alituma salamu, alituma mboga, alituma matusi ya mtani kama inavyopasa, lakini mwenyewe hakuja. Kibandani pia alikuwa ameacha kwenda, akasema mgongo unamsumbua. Bernadeta, aliyekuwa bado yuko ndani na mtoto, alianza kuona uchungu. Alidhani mtani wake amemchoka.

Siku ya kumtoa mtoto nje ilipofika, watu wamejaa uani, mama alikuja. Alisimama penye njia, amejifunga kaniki mbili juu juu, akaanza palepale kudai haki yake.

"Mtoto huyo ni wangu. Nimemnunua kwa jiwe. Nileteeni niondoke naye."

Watu wakacheka. Bernadeta akamchukua Cecilia, akaenda naye mpaka pale penye njia, akampa mama yangu amshike. Mama alipoinua mikono kumpokea, kaniki ya juu ikafunguka, na Bernadeta akaona tumbo.

Halikuwa tumbo la juzi. Bernadeta alilitazama, akamtazama mama usoni, kisha akageuka akatazama ndani ya nyumba yake, mahali pa jiko. Kicheko cha watu kilikuwa kinaendelea nyuma yao.

"Hidaya," alisema, na hakumwita mtani. "Siku ile ulikuwa nayo tayari."

Mama akawa anamrekebisha mtoto shuka.

"Ulijua?"

"Nilijua. Hata Abasi nilikuwa sijamwambia."

"Ukanyanyua langu. Na la kwako ukaling'oa kwa mkono wako mwenyewe."

"Sasa ningelitoa wapi jingine lililokwisha kupikiwa? Mngenikopesha nyinyi, wala konokono?"

"Hidaya, hukuogopa?"

Mama yangu, mwenye mdomo ule, aliweka shavu lake juu ya kichwa cha Cecilia.

"Niliogopa mpaka nikashindwa kula," alisema. "Nilikuwa nikiamka nashika tumbo nione kama bado yumo. Nimeogopa kila siku, na leo bado naogopa. Lakini wewe ulikuwa umeshapoteza wawili, mimi nilikuwa sijapoteza hata mmoja. Nikaona ni zamu yangu."

Bernadeta alipiga magoti pale njiani, mbele ya watu wote, akaweka viganja vyake juu ya tumbo la mama, akaanza kusali sala zake za misheni, na mama, Mwislamu, akamwacha asali mpaka amalize. Bibi Maria alikwenda mwenyewe ndani, akaacha chungu kikae juu ya mafiga mawili na bonge la udongo, akalitoa figa la mama kwa kuwa mtoto alikwisha kutolewa nje na mwiko umekwisha. Alilibeba kichwani, mzee yule, mpaka nyumbani kwetu, akalisimika upya kwa mikono yake. Na tangu jioni hiyo Bernadeta alikuja kila siku, mtoto mgongoni, akapika yeye, akachota maji yeye, akalala kwetu siku ambazo mama alishindwa kulala kwa hofu.

Mtoto aliyekuwa tumboni ni mimi, Mikidadi. Nilitoka mzima, na aliyenipokea ni Bernadeta. Maziwa ya mama yalichelewa, kwa hiyo aliyeninyonyesha kwanza pia ni Bernadeta, mimi ziwa hili na Cecilia ziwa lile. Watu wameniuliza mara nyingi kama sikumkasirikia mama yangu kwa kunichezea kamari namna hiyo, hata kabla hajaniona sura. Sikumkasirikia hata siku moja. Alinifanya nimsaidie mtu kabla sijazaliwa, na katika maisha yangu yote sijafanya jambo jema kuliko hilo.